Meli ya Ruwaida na Ng'ombe Wangu Wanane

Jumanne, 3 Oktoba.
Miezi kumi na minne, Ruwaida. Miezi kumi na minne hujakanyaga boma hili, na kutoka Garsen hadi hapa ni mwendo wa kuchemsha maharagwe. Kukaa juu ya maji umejua kuliko samaki, lakini njia ya kwa nyanya yako imekupotea. Basi nakuandikia. Mimi shule sikuiona hata mlango. Wewe ndiye uliyenifundisha herufi ulipokuwa darasa la tatu, ukanichapa vidole kila nilipokosea. Sasa zisome.

Leo ujumbe wako wa sauti umefika. Unasema mko baharini, mbali nje ya Kipini, mnateremsha chupa kwa waya mpaka kilindini kupima joto la maji. Meli nzima! Ina jikoni, ina daktari, kwa kazi ya kutia kidole majini. Haya. Unasema upande wetu wa bahari umepata joto kuliko miaka mingi, upande wa kule mbali umepoa, na bahari ikikaa hivyo mvua ya vuli huja kubwa.

Hapo nikamwona Sabdio anakuja na kibuyu chake. Mke mwenzangu huyo ana masikio ya sungura. Nikazima simu, nikaikalia.

Mvua kubwa. Na ninayejua ni mimi peke yangu.

Jumatano, 4 Oktoba.
Sikulala vizuri kwa furaha. Ukame uliopita ulinikuta na ng'ombe arobaini na sita ukaniachia wanane. Sabdio ulimwachia kumi na mmoja. Tangu siku hiyo anatembea kama mke wa chifu.

Unajua desturi yetu. Kiangazi tunakaa huku bondeni kando ya mto. Mvua ikishanyesha tunatoa ng'ombe wote pamoja, tunapanda nyika, siku anayosema mzee Kalla. Anayetangulia silangani, kwenye lile shimo la maji ya mvua, hula nyasi za kwanza. Wa mwisho hulamba udongo.

Mwaka huu wa kwanza ni mimi. Jibril atawatoa wanane wangu kabla ya tone la kwanza. Baba yako mdogo huyu ana maswali mengi. Kaniuliza mawingu yako wapi. Nikamwambia yako kwenye meli.

Ijumaa, 6 Oktoba.
Wameondoka. Sabdio kauliza wanakwenda wapi jua lote hili. Nikasema kuna harusi kwa ndugu yangu huko nyika, nimeahidi ng'ombe wangu wapambe uwanja. Kauliza tangu lini nina ndugu huko. Nikasema ni ndugu wa kunyonya.

Akaingia kwake. Nikajua nimekamatwa. Akatoka na kibuyu cha samli, zawadi ya bibi harusi.

Nimekichukua. Ningefanyaje?

Jumapili, 15 Oktoba.
Jibril kapanda kilima kutafuta mtandao. Silanga imebaki tope, anasema, na tope lenyewe wanyama wa porini wameshalikanyaga. Anawanywesha kwenye kisima cha watu, ndoo moja moja, na wenye kisima wameanza kumtazama vibaya. Nikamwambia asubiri, bahari ina joto. Akasema ng'ombe hawajui bahari.

Mtoto nimemzaa mwenyewe, ulimi kautoa kwa baba yake.

Sabdio kauliza habari za harusi. Nikasema bibi harusi ni mnene, nyama ilibaki. Akafurahi kweli. Akataka kujua kama samli ilitosha.

Jumanne, 24 Oktoba.
Wawili wamekufa. Yule wa pembe zilizopinda na ndama wake wa mwaka jana.

Jibril anataka kurudi mtoni. Nikakataa. Akirudi na ng'ombe sita, mbavu nje, boma zima litaona harusi ilikuwa ya namna gani. Nikamwambia siku tatu. Zikiisha nitamwambia tatu nyingine, sijijui mimi mwenyewe?

Nimekupigia mara tisa. Mwanamke wa simu anasema hupatikani. Nimemtukana. Hakujibu, ana adabu kuliko wewe.

Ijumaa, 3 Novemba.
Mto umebadilika. Jana ulikuwa kahawia, leo mwekundu, na umebeba miti mizima na mizizi yake. Hapa kwetu hata umande haujaanguka. Mvua inanyesha juu milimani, huko mto unakotoka, sisi tunapokea tu.

Mzee Kalla kasema watu na ng'ombe watoke leo, kabla ya adhuhuri. Tukatoka wote, mahema yetu sasa yako kwenye mwinuko kando ya barabara ya Garsen. Nyumba yangu niliyoijenga kwa mikono hii nimeiacha na maji magotini. Sabdio kabeba godoro langu pamoja na lake. Sikumwomba.

Nikampigia Jibril: rudi. Akasema arudi wapi. Laga zote, ile mikondo mikavu, zimejaa maji ya mto, njia imekuwa ziwa. Anayaona yanang'aa kwa mbali, na ng'ombe nao wanayanusa, wanalia. Kuyafikia ni tope la kumeza ng'ombe mzima. Kajaribu na mmoja.

Wamebaki watano.

Alhamisi, 9 Novemba.
Mvua imefika nyika, na hapa kwetu pia. Siku ya tatu leo, haikatiki, na upepo wa baridi ndani yake.

Nilipiga vigelegele. Wenzangu wa mahemani wakanitazama kama mwenda wazimu, maana mvua hiyo hiyo ilikuwa inawanyeshea watoto wao. Kisha Jibril akapiga. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo hata mtoto wa boma hili analijua: ng'ombe aliyekonda hawezi mvua ya baridi. Anapiga magoti, basi, hainuki tena.

Yule mweusi wa paji jeupe kamfunika kwa blanketi lake mwenyewe. Kamwashia moto. Anasema moto ulikuwa unazimika naye anaona.

Nimemwambia aje yeye tu. Aache yote, aje yeye.

Alhamisi, 16 Novemba.
Jibril amefika. Ana fimbo na birika. Hana kingine.

Miguu yake imeoza kwa maji katikati ya vidole. Baba wa watoto wanne, nimemkalisha chini nikamwosha kama nilivyomwosha akiwa na miaka miwili, nikamkaripia kwa kutembea bila viatu, kana kwamba viatu ndivyo vilivyopotea. Chai hakunywa. Kisha akasema:

"Niliomba mvua kila swala, Mama. Ndiyo iliyowamaliza."

Nikaendelea kuosha. Mguu ulikuwa umeshatakata.

Jumamosi, 18 Novemba.
Sabdio kaingia hemani bila hodi, simu mkononi. Kaibonyeza. Sauti yako, Ruwaida. Ujumbe ule ule, wa siku ile ile. Ulimtumia na yeye!

Mvua kubwa, bahari ina joto, yote ninayojua. Halafu ukaendelea. Sehemu niliyoikalia. Unasema meli inapima bahari, haipimi boma, kwa hiyo siku na mahali hamwezi kusema. Kwamba watu wa hali ya hewa wanatarajia mvua ianze juu milimani na nyika ichelewe. Msitoe ng'ombe mpaka muone mto umegeuka rangi. Mwambieni mzee Kalla. Mwambieni kila mtu.

Na Sabdio alimwambia kila mtu. Mwezi mzima ule boma lote lilikuwa linangoja rangi ya mto, isipokuwa mimi niliyekuwa naficha siri.

"Nilidhani unajua, Mama Jibril," akasema. "Wewe ndiye nyanya yake."

Akatoka. Akarudi anamvuta ng'ombe wake mwenye maziwa, yule mwekundu, na ndama nyuma. Kamfunga mlangoni kwangu. Ndiyo desturi, aliyepoteza wote hukopeshwa mmoja, anywe maziwa mpaka asimame, ndama ni wa mwenyewe. Mimi nimewakopesha wangapi enzi zangu! Kukopeshwa sikuwahi.

Kuhusu samli hakuuliza. Afadhali angeuliza.

Jumatatu, 20 Novemba.
Maziwa ya ng'ombe wa Sabdio ni matamu. Mungu anisamehe, nilitafuta kasoro, nikakosa. Watoto wa Jibril wamekunywa wakalala na midomo myeupe.

Leo hatimaye umepiga. Ulilia kuhusu ng'ombe mpaka nikakuonea huruma, nikakwambia ukale kitu. Ukasema meli itatoka tena mwezi wa tatu, mtaangalia bahari inasemaje kuhusu masika. Ukaniomba safari hii nisikilize mpaka mwisho na niwaambie wote. Nikasema ndiyo, ndiyo.

Nimefikiri sana tangu ulipokata. Makosa nimeyaona. Makosa ni simu. Jambo kubwa namna hii halipiti kwenye simu, ambayo kila mwenye kidole anaipokea.

Kwa hiyo ukija, shuka kabla ya kufika mahemani, pita kwa nyuma, uje kwangu kwanza, hata kabla ya kunawa. Nitakupikia, utakula, nitakutazama ulivyokonda. Kisha uniambie bahari imesema nini, yote, taratibu, sikioni. Kwa Sabdio utakwenda kesho yake. Mpelekee majani ya chai, mshike mkono, mshukuru sana kwa ng'ombe. Akikuuliza habari za bahari, mwambie iko kama kawaida.