Kochi Langu Halina Viroboto

Kwa Daktari wa Mifugo,
Chumba cha nyuma, duka la vyakula vya kuku.

Ndugu Daktari,

Pole na kazi. Mimi ni fundi makochi, mwenye yule mbwa mwekundu tunayemwita Mheshimiwa, ambaye umemtibu ngozi hadi siku hizi anapanda mezani kwako bila kuambiwa. Naandika kwa heshima zote, ila nimeudhika na sifichi.

1. Nilikuletea mbwa anayejikuna. Ukamchoma sindano, ukatupatia na shampuu, akapona, manyoya yakaota. Baada ya muda upele ukarudi. Ndipo ukaja nyumbani, ukamtazama mbwa kidogo, ukalitazama kochi langu sana, kisha ukatamka mbele ya mke wangu kwamba viroboto wanazaliana humo, basi lichomwe moto. Daktari, lile ndilo kochi la kwanza nililotengeneza maishani. Mke wangu nilimchumbia nikiwa nimelikalia. Wewe hukusomea makochi.

2. Mama watoto alikuwa akilitafutia sababu tangu tuoane. Sasa kila nikifungua mdomo, naambiwa daktari kasema. Zamani humu ndani aliyekuwa akisema ni mimi, angalau siku za mapumziko.

3. Ili nikuumbue, nilimpeleka Mheshimiwa kwa mama mkwe akae bila kochi. Alirudi anang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mama mkwe akadai ni usafi wake. Mimi nasema ni huzuni: mbwa akikosa kochi lake, hata hamu ya kujikuna humtoka. Alipolipanda tena, alijikuna jioni nzima kwa furaha.

4. Baya zaidi, mbwa mwenyewe amejiunga nao. Siku hizi analala kizingitini, kochi halikanyagi. Mke wangu anasema hiyo ndiyo kura yake, na ametoa amri: Jumamosi kimoja kitoke, kochi au mbwa, na mbwa akitoka ndiyo anahamia kwa mama mkwe moja kwa moja. Nampenda yule mbwa, Daktari. Pale karakana hakuna mwingine anayenisikiliza nikieleza habari za springi.

Kwa hiyo naomba ufute kauli yako kwa maandishi, uliombe kochi radhi mbele ya mke wangu, kisha ulale juu yake usiku mmoja, bila shati, kama ushahidi.

Nisalimie msaidizi wako anayeshika masikio, shemeji yangu, yaani mkeo, na paka wote waliolazwa.

Ni mimi niliyedhalilishwa, ila bado nakuheshimu,
Fundi Makochi

N.B. Barua hii niliianzia kwenye kochi. Nimeimalizia kizingitini, kando ya Mheshimiwa, maana kule kalamu na kujikuna vilikuwa vinagombea mkono mmoja. Hapa tumetulia wote wawili. Kochi nimeshalitoa hadi uani, na mafuta ya taa nimelimwagia. Kiberiti ndicho kinanishinda. Njoo ulitie moto wewe, Daktari. Mimi nitamshika mbwa.