Tume ya Kulinda Masikio na Makopo Mawili ya Maharagi

"Kuanzia Jumatatu, somo la afya ya uzazi litafundishwa katika kila shule ya mji wa Butembo, lote zima, bila kupunguza hata neno moja, mradi tu asiwepo mtoto wa kulisikia."

Tangazo hilo lilisomwa na Papa Inspecteur Lusenge mwenyewe, mkaguzi wa shule za mji, katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Kimemi, akiwa na koti lake la sherehe na kalamu tatu mfukoni. Alipomaliza, ukumbi mzima ulipiga makofi. Mtu wa wizara alipiga makofi kwa sababu somo litafundishwa. Mapadri na wachungaji walipiga makofi kwa sababu halitasikika. Walimu walipiga makofi kwa sababu wamezoea. Ni vigumu kukumbuka siku nyingine ambayo serikali iliwaridhisha watu wote kwa mkupuo mmoja.

Na msidhani kazi ilikuwa rahisi. Amri ilikuwa imetoka juu: vijana wafundishwe miili yao, maana kila mwaka madawati ya wasichana yalibaki matupu moja baada ya lingine, kila mtu alijua sababu na hakuna aliyeitaja. Wazazi wakapiga kelele. Pasteur Élisée akatangaza kufunga na kuomba mpaka amri irudi ilikotoka. Mtu mwingine angechagua upande. Lusenge hakuchagua. Aliagiza chai, akafikiri, akaunda Tume ya Mji ya Kulinda Masikio, akajiteua kuwa rais wake.

Utaratibu ulikuwa safi kabisa. Saa ya somo ikifika, wanafunzi wanatoka nje kufyeka majani. Mahali pao wanaketi wajumbe wa Tume, watu wazima wenye ndoa zao na vyeti vyao vya ubatizo, ili kuhakikisha kwamba mwalimu anafundisha yote na kwamba hakuna aibu inayosemwa. Sehemu ya mwili kutoka kitovu mpaka magoti haitatajwa kwa jina. Itaitwa "zone opérationnelle", yaani eneo la operesheni za jeshi, kwa kuwa kila mwananchi wa huku anajua kwamba mambo ya zone opérationnelle hayaulizwi ovyo. Kitakachofundishwa darasani ni ukweli wa serikali, na mjumbe hana ruhusa ya kuupinga. Mtihani utakuwepo, mbele ya watu wote, maana somo bila mtihani ni maongezi tu. Na kwa kuwa wanafunzi hawakuwepo, atakayepimwa ni rais kwa niaba ya wote. Maswali yataulizwa na mjumbe wa wazazi, asije mwalimu akapenyeza uchafu. Lusenge alitia sahihi, akapiga muhuri mara mbili. Mara ya pili ilikuwa ya raha tu.

Mjumbe wa wazazi alikuwa Mama Kaswera, muuza maharagi. Alichaguliwa kwa sifa moja kubwa: alikuwa mke wa rais.

"Mama Keren," Lusenge alimwambia wakiwa mezani, "nimekuweka mu Tume. Kazi yako ni kuikala na kunyamaza."

"Ile kazi naijua, baba," Kaswera akajibu. "Niko na expérience."

Sasa kuna jambo la nyumbani ambalo inafaa mlijue, hata kama Lusenge asingependa. Kaswera alikuwa amemzalia mabinti sita, wa kwanza akiwa Keren, mwanafunzi wa shule hiyohiyo ya Kimemi. Huku mtoto anapata jina kwa zamu ya kuzaliwa, na majina ya wasichana yalikuwa yanaelekea kuisha ndani ya nyumba moja. Jina la Muhindo, yule mvulana anayekuja kugeuza mambo baada ya wasichana wengi, lilikuwa limewekwa tayari tangu zamani. Lusenge alikuwa hata amempandia mikaratusi kilimani. Miti ilikuwa imeshakua, mwenyewe bado.

Kosa lilikuwa la nani? La Kaswera, bila shaka. Ukoo mzima ulikaa kule Luofu, kijijini kwa kina Lusenge, ukakubaliana. Mama mkwe alimletea dawa za majani, chungu mpaka machozi, miaka na miaka, na Kaswera alizinywa zote. Ilimuuma. Ilimuuma hata alipokuwa akicheka na wateja sokoni. Na sasa Kahongya, kaka mkubwa wa Lusenge, alikuwa amepata mwanamke wa Luofu ambaye mama yake alizaa wavulana watupu. Mbuzi wa mahari walikuwa wameshakusanywa. Lusenge, mtu wa kanisa, hakuiita hiyo ndoa ya pili. Aliiita décentralisation, kugatua madaraka.

Kilichobaki ni kiti. Kule mjini Beni kiti cha inspecteur mkuu kilikuwa wazi, na aliyekitaka ilimpasa kuonyesha kwamba somo jipya linaenda vizuri kwake. Lusenge alipanga mambo kwa zamu: kwanza mtihani, halafu Beni, halafu Luofu. Kaswera alijua zamu hiyo. Soko zima liliijua.

Basi somo likaanza. Juma la kwanza Madame Rébecca, mwalimu wa biolojia, alifundisha usafi, na wakubwa, magoti yakiwagusa videvu kwenye madawati ya watoto, waliandika sana. Juma la pili alifundisha siku za mwezi za mwanamke. Pasteur Élisée, mume wa mke mmoja na baba wa watoto tisa, akainua mkono.

"Donc... kila mwezi?"

"Kila mwezi, Pasteur."

"Bamama bote?"

"Bote."

Pasteur akahesabu kwa vidole mpaka kengele ilipolia.

Juma la tatu Madame Rébecca aliweka makopo mawili mezani.

"Hii ni kopo ya mama," akasema. "Ndani iko maharagi nyeupe tu. Hii ingine ni ya baba: iko nyeupe, iko nyekundu, nusu kwa nusu. Kila mutoto anatoka na moja ya mama na moja ya baba. Nyeupe na nyeupe, ni binti. Nyeupe na nyekundu, ni kijana. Papa Inspecteur, kuya utusaidie."

Lusenge aliinuka, akavuta koti, akafumba macho, akatia mkono katika kopo la baba. Nyeupe. Akatia tena. Nyeupe. Nje, kelele za kufyeka majani zikapungua. Akatia tena, safari hii akichimba mpaka chini kabisa. Nyeupe.

"Hii kopo hawakuichanganya muzuri," akasema.

"Imechanganywa, Papa. Ni bahati tu. Mutu hapana chagua."

Hapo Kaswera, ambaye kazi yake ilikuwa kunyamaza, aliinua mkono.

"Madame, munisamehe. Mu ile kopo ya mama, nyekundu haiko hata moja? Hata chini kabisa?"

"Hata umwange yote, Mama."

"Na mama akikunywa dawa ya majani?"

"Maharagi yake itabakia nyeupe. Tumbo tu njo itamuuma."

"Na baba akienda kwa mwanamuke mwingine?"

"Anaenda na kopo yake ile ile."

Kaswera akashusha mkono polepole. Hakucheka, hakulia, ingawa vyote viwili vilikuwa karibu. Alikuwa anakumbuka ladha ya yale majani. Aliyecheka alikuwa nje, na si mmoja. Madirisha ya darasa lile hayakuwa na vioo tangu zamani, na Tume, katika hekima yake, ilikuwa imelinda mlango.

Lusenge akasimama. "Maneno ya leo ni siri ya kazi. Hapana mutu atatoka nayo hapa!"

"Mais si ni ukweli wa serikali?" akauliza Abbé, padri wa Tume.

"Ni ukweli wa serikali," Lusenge akasema, "wa matumizi ya ndani."

Siku hiyo nyumbani alikuta bugali na maharagi. Akaangalia sahani yake, akaigeuza geuza.

"Leo maharagi ni nyeupe tu?"

"Ni yenye niko nayo, baba," Kaswera akasema kwa adabu zote. "Nyekundu haitokake kwangu."

Mabinti wote waliinamia sahani zao. Keren alikohoa mpaka akapewa maji. Kesho yake sahani ilikuwa nyeupe, kesho kutwa pia, na Lusenge hakuwa na kifungu cha kukataza chakula.

Mtu mwenye roho ndogo angetikisika. Lusenge hakutikisika. Aliamini kwamba ukweli wa serikali ni wa serikali, na mbuzi ni mambo ya ukoo, na kwamba vitu hivyo viwili haviwezi kukutana kwa sababu haviko katika bureau moja. Akamwita Kahongya aje siku ya mtihani, ashuhudie mdogo wake anavyopanda cheo, kisha washuke pamoja Luofu kumaliza maneno.

Siku ikafika. Jean-de-Dieu Maliro, mkubwa mwenye kukigawa kile kiti, aliwasili kutoka Beni, vumbi la barabara likiwa limempaka mpaka nyusi, akapewa kiti cha mbele, yeye na kalamu yake nyekundu. Uwanja wa shule ulijaa wazazi. Wanafunzi walisimama pembeni na mapanga yao ya kufyekea. Kahongya alikaa karibu na Maliro, kofia magotini. Lusenge akasimama mbele ya ubao uliotolewa nje kwa heshima yake.

Kaswera akaja amejifunga kikwembe chake cha Jumapili.

"Papa Rais," akaanza, kwa sauti ile anayoitumia kuita wateja, "kuko baba moja, mutu mukubwa, wa kuheshimika. Iko na bibi moja na mabinti sita. Anataka mutoto mwanaume, donc anataka kuoa bibi wa pili. Swali: ule bibi wa pili atabadilisha nini? Na kosa ilikuwa ya nani? Eleza."

Lusenge akapiga hesabu. Akijibu ya Luofu, ameanguka mtihani, Beni imekwenda, na tena amevunja kifungu alichokitia muhuri mwenyewe. Akijibu ya darasani, Kahongya huyu hapa, anasikia vizuri kabisa.

"Naomba swali liahirishwe," akasema.

"Kwa kifungu gani?" Maliro akauliza.

Hakukuwa na kifungu.

Lusenge akainua macho, na macho yake yakamwangukia Keren katikati ya wanafunzi. Wenzake walikuwa wanabana kicheko, yeye hakucheka. Midomo yake ilikuwa inasogea taratibu, bila sauti, ikimpa baba yake jibu. Ndivyo Lusenge alivyomfundisha kusoma alipokuwa mdogo, akimsogezea midomo herufi kwa herufi ili asiaibike mbele ya wageni. Lusenge akaisoma midomo hiyo mpaka mwisho, na safari hii hakuwa akifikiria Beni peke yake.

"Bibi wa pili hatabadilisha kitu," akasema. "Kopo ya bamama bote iko nyeupe tu. Nyekundu inatoka kwa baba, na baba hapana chagua. Kosa..." Akamtazama mke wake. "Kosa haiko ya mama. Haikukuwa ya mama hata siku moja."

Kaswera alifunga kikwembe upya, ingawa hakikuwa kimelegea.

"Dix-huit! Kumi na munane juu ya ishirini!" Maliro akatangaza, na watu wakapiga makofi. "Likambo te, hapana shida, Beni njo ile inakungojea!"

Lusenge alikuwa ameanza kutabasamu wakati Kahongya aliposimama.

"Mukubwa wa Beni, mimi ni mulimaji, unisaidie. Haya maneno njo ukweli wa serikali?"

"Njo yenyewe."

"Na wewe, mudogo wangu, umeitia muhuri?"

"Nimeitia, kaka."

"Mara ngapi?"

Lusenge akatazama viatu vyake. "Mara mbili."

"Basi." Kahongya akavaa kofia. "Kwetu mutu akitukana tumbo ya bibi yake bure, anapeleka mbuzi kwa bakwe yake, anapiga magoti, anaomba musamaha. Na bahati nzuri mbuzi ziko tayari Luofu. Hatutasumbuka kutafuta zingine."

"Zote, kaka?"

"Kwa miaka yenye huyu mama amekunywa ile majani yetu? Shukuru Mungu kama zitatosha."

Wamama walipiga vigelegele mpaka wapita njia wakaingia kuona ni arusi ya nani. Maliro, mtu wa utaratibu, alisubiri kelele zipungue, akagonga meza kwa kalamu.

"Mutihani haijaisha. Bado pointi mbili. Mama iko na swali ingine?"

"Niko nayo, mukubwa," Kaswera akasema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya tangazo alicheka, kicheko kizima cha sokoni. "Kama ukoo bado inamutaka Muhindo kwa lazima, na ya mama hata uibadilishe haitasaidia, donc inafaa tubadilishe kopo gani?"

Rais wa Tume ya Kulinda Masikio akamtazama Pasteur, akamtazama Abbé. Wote wawili walikuwa wanatazama mikaratusi kule kilimani. Kutoka pembeni ya uwanja, watoto wote ambao masikio yao yalilindwa muhula mzima wakajibu kwa sauti moja:

"Ya baba!"

Maliro akaandika zile pointi mbili, akasema ni za wanafunzi.