Koti Jekundu na Kifua cha Mjomba

Jumatatu, 3 Machi
Muuguzi wa zahanati kaja kwenye bekari yetu na sanamu la mpira lisilo na miguu. Atatufundisha kumbonyeza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama. Anachunguza pia njia gani inamchosha zaidi mwokoaji: kupiga magoti pembeni, kusimama kando ya meza, au kuinama kutokea upande wa kichwa cha mgonjwa. Atakayedumu zaidi atakuwa kiongozi wa huduma ya kwanza. Atapewa koti jekundu! Na kiti mbele ya feni! Mimi nabeba kreti za mikate mwaka wa pili sasa, tangu Mjomba, mwokaji mkuu, anipatie kazi. Kiti hicho ni changu.

Jumanne, 4 Machi
Majaribio yamekuwa aibu tupu. Kwa magoti: dakika moja na nusu, mikono ikagoma. Mezani: nikaona nyota mchana kweupe. Kutokea kichwani: jasho likalidondokea sanamu hadi muuguzi akaniuliza kama nalia. Akanipima mapigo ya moyo, akashauri nilale mimi, sanamu linibonyeze.
Halafu akaja dada mkandaji wa unga, tunayemwita Kisoda kwa ufupi wake. Njia zote tatu, dakika tano tano, huku akimuuliza muuguzi habari za watoto! Eti ni kama kukanda unga tu. Lo! Mashindano yenyewe ni Alhamisi.

Jumatano, 5 Machi
Wenzangu wameenda kula. Nimebaki na sanamu. Kumbe chini ya kifua kuna springi na skrubu nne. Bisibisi ninayo. Sasa linabonyea kama mto wa kulalia. Mimi ni mtu hatari.

Alhamisi, 6 Machi
Dakika kumi na mbili! Kisoda aliacha ya nane, unga wake ulikuwa unafurika kwenye beseni. Koti nimevaa. Mjomba alinishika bega, akawaambia wote huyu ni mpwa wake, machozi yakimlengalenga. Nilijisikia vibaya kidogo. Kisha nikakaa mbele ya feni.

Ijumaa, 7 Machi
Saa nne asubuhi Mjomba kaanguka kando ya tanuri. Hajibu. Hapumui. Wote wakaligeukia koti jekundu.
Nikapiga magoti, nikabonyeza. Mungu wangu! Kifua cha mtu hakina skrubu za kulegeza. Nusu dakika, nimekwisha. Kisoda akanisukuma, akaniamuru nihesabu kwa sauti na nijiandae kumpokea. Magunia yalimbana pembeni, akahamia kichwani, akaendelea bila kupoteza mdundo. Dakika mbili yeye, nusu dakika mimi, kisha yeye tena. Nilihesabu huku nalia, sikujali nani ananiona. Gari la wagonjwa likafika, wahudumu wakamwekea mashine, moyo ukarudi. Ukarudi! Kisoda alikaa chini sakafuni, hakuweza kuinua hata kikombe cha maji. Nilimnywesha mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Mjomba kafumbua macho hospitalini. Mbavu zinamuuma, na akaanza kunishukuru mimi! Nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia yote: springi, bisibisi, na kwamba ni Kisoda aliyemrudisha. Akacheka, akashika mbavu, akaniita mpumbavu wake mwenyewe.
Nikampelekea Kisoda koti, nikamweleza na yeye habari za springi. Nilimwambia asante dada, asante, hadi akaniomba ninyamaze. Hakunigombeza. Badala yake kasema atanikandisha unga kila asubuhi mpaka mikono yangu iwe mikono. Nimekubali kwa moyo wote. Bado nina mjomba. Sitafanya ujanja tena maishani.

Jumatatu, 10 Machi
Mazoezi ya kwanza. Dakika ishirini za kukanda, na unga mgumu ajabu. Namshukuru sana Kisoda, Mungu ambariki. Nimegundua jambo moja: akigeuka kuangalia tanuri, ukiongeza vikombe viwili vya maji, unga unalegea kabisa. Kesho naja na kopo langu.