Kasuku Aliyezoea Harusi

Jumamosi, 4 Oktoba

Kasuku mwingine! Dada yangu Insaf kamleta asubuhi, wa kijivu, kifua kitupu kama kuku wa kuchemshwa. Jina lake Sukkara. Kaishi miaka kumi na miwili katika ukumbi mmoja wa harusi hapa mtaani kwetu Shubra. Ukumbi umefungwa, mwenyewe kahama, ndege kaachwa. Insaf anasema anajinyonyoa manyoya kwa upweke. Nikamwambia hata mimi mpweke, miaka hamsini na minne sina mke, mbona sijinyonyoi? Akautazama upara wangu.

Sasa wako wawili. Yule wa kwanza ni Bey, wa kijani, aliyeokolewa kutoka soko la Ijumaa. Ugonjwa wake ni vifungo. Anaving'oa kimoja kimoja na kuvificha juu ya kabati. Mashati yangu nafunga kwa pini.

Saa tano Insaf kaleta chai. Bilauri zikagongana kwenye sinia. Sukkara akanyoosha shingo, akapiga vigelegele! Vya kweli, virefu, vya mama mzaa bibi harusi. Huko ukumbini sinia la sharbati lilikuwa halipiti bila vigelegele, naye kashika. Punde mama wa ghorofa ya nne yuko mlangoni, anauliza nani kachumbiwa. Nyuma yake Sabir, bawabu wetu. Mgeni pekee alikuwa msoma mita ya gesi. Sabir akamkumbatia, akamwambia hongera, tena umepata nyumba ya watu wa heshima. Maskini katoka mbio, mita hakuisoma.

Jumapili, 5 Oktoba

Wiki ya kazi imeanza, lakini posta leo sikugonga muhuri hata mmoja. Nilikuwa nafikiri. Jengo letu likishasikia vigelegele, uchumba umepita. Nani atathubutu kuurudisha nyuma mbele ya ghorofa sita za majirani?

Na hapo chini yupo Dokta Ragaa, mwenye duka la dawa, mjane. Miaka mitatu nanunua kwake dawa ya kikohozi ambacho sina. Nampenda. Haya, nimeandika. Kumwambia siwezi, ulimi unakauka. Basi kasuku atanisemea!

Mpango: Insaf amwalike Dokta aje atazame kifua cha Sukkara. Mimi nilete chai. Sinia, vigelegele, majirani, hongera. Akili kama hii inaozea posta!

Jumanne, 7 Oktoba

Mazoezi. Nimetikisa sinia mara arobaini. Sukkara kanipa mgongo mara arobaini. Ya arobaini na moja kaniuma kidole gumba.

Nikashuka kwa Dokta, mgonjwa wa kweli kwa mara ya kwanza. Nani nimemkuta kaegemea kaunta? Haji Mursi, muuza achari wa pale kona! Mtu ananuka siki kuanzia mlangoni. Akaniuliza eti Ustadhi Wagdi, umeng'atwa na mchumba? Dokta akacheka mpaka akafuta machozi. Lakini kanifunga kidole kwa mikono yake mwenyewe. Sitakiosha wiki nzima.

Insaf kanigombeza. Anasema ndege si kengele ya mlango. Ndege anataka mtu wa kukaa naye na kumsemesha, na lau Insaf angekuwa yeye, angeniuma vidole vyote kumi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mursi yumo nyumbani kwangu! Kamletea Sukkara karoti, na Insaf anasema ni jioni ya tatu hii, mimi nikiwa kahawani. Kakaa nusu saa anamsimulia ndege habari za matango. Sukkara kamwinamishia kichwa akunwe. Mimi nikajaribu, nusura aning'ate pua.

Manyoya mapya mawili kifuani. Insaf kaniambia tazama, tazama upendo unavyofanya kazi. Nimetazama. Nimeona ndege yuko tayari. Dokta anakuja kesho baada ya swala. Insaf kamwalika kwa ajili ya kifua tu, mpango wenyewe sijamwambia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Suti ya buluu. Marashi. Nafunga koti: hakuna kifungo hata kimoja. Bey! Yuko juu ya kabati, ananiangalia. Ikabidi nilishike koti kwa mkono, nikawa kama mtu anayeumwa tumbo. Dokta kaingia, kaniuliza kama nataka dawa.

Nikasema hapana, naleta chai. Jikoni maji hayachemki! Mlango ukagongwa, Insaf akafungua. Mursi. Kabeba sinia la chupa za achari, zawadi ya nyumba. Akaenda moja kwa moja kwa Dokta amwonjeshe kwanza. Akainama. Chupa zikagongana.

Vigelegele! Mara tatu, havijawahi kuwa vizuri vile! Nikatoka mbio jikoni, nikapiga kelele ni ndege huyo, ni ndege tu! Nani anisikie? Jengo zima limeshaingia, wanawake wote wanapiga vigelegele. Sabir hakuuliza bwana harusi nani. Alimwona Haji na sinia mbele ya Dokta, akaniona mimi nimeshika tumbo, akachagua.

Mursi kawa mwekundu. Kasema kwa sauti ndogo kwamba hakupanga haya, wallahi, lakini kama Dokta haoni vibaya... Dokta akamwambia amemsubiri aseme mwaka mzima. Mwaka mzima!

Maji yakachemka. Chai ikanywewa. Mimi ndiye niliyeizungusha, kwa mkono mmoja.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nililia kidogo Jumamosi, bafuni, bomba likiwa wazi. Iliuma. Insaf aligonga mlango, akaniambia kaka'angu, ungemwambia tu. Miaka mitatu, neno moja. Haji mwenyewe kasema chupa zikiwa bado zinatikisika mikononi. Na yule ndege naye, kaa naye, msemeshe, mkune kichwa, basi. Maneno ya kweli kabisa. Nayaandika hapa nisiyasahau.

Kifua cha Sukkara kinazidi kuota manyoya. Jana Dokta kampandisha dada yake kumwona, Afaf, kutoka Tanta, mwalimu wa jiografia, hajaolewa. Bey kang'oa kifungo cha mkono wa shati langu mbele yake. Afaf akacheka, akaniuliza ndege mwenye akili hivi kafunzwa na nani. Ana kicheko kizuri sana. Ulimi ukakauka.

Kumwambia? Ya nini? Atarudi Alhamisi kunywa chai. Leo nimepita sokoni, nimenunua bilauri sita mpya, nzito, zinalia vizuri kuliko zile za zamani. Na safari hii maji nitayachemsha mapema.