Sakitu ya Nyuma ya Sauna ya Taimi

Jumatatu, 8 Januari

Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Safi kabisa! Zimebaki siku kumi na tatu kabla ya mashindano ya picha za majira ya baridi pale maktaba ya kijiji. Picha ya mshindi hutundikwa mwaka mzima juu ya kiti cha kusomea magazeti. Kiti hicho nakalia mimi, kila siku. Na kwa miaka mitatu sasa nimesoma gazeti langu chini ya picha za jirani yangu, bibi Taimi, mpishi mstaafu wa shule, mwenye kamera ndogo inayoenea kwenye mfuko wa aproni. Nimemwapia mke wangu, Raili: mwaka huu itakaa yangu. Raili akauliza kwani kiti hakisogezwi.

Kinachoniumiza kichwa ni sakitu ya Taimi, ule umande unaoganda ukawa mweupe. Kwake hushika mimea ikaota manyoya, marefu kama kucha. Kwangu ni chengachenga tu, kama mtu kamwaga chumvi. Kijiji kimoja, baridi moja, hatua arobaini toka uzio hadi uzio. Anafanyaje?

Jumanne, 9 Januari

Tangu saa nne asubuhi nimelala kifudifudi kwenye theluji. Lenzi yangu kubwa, vidole viwili kutoka kwenye ua kavu lenye kichwa cha mwavuli. Lo, uzuri! Kila kijiti kimeota vijiti vingine, na vyote vimeelekea upande mmoja kama vimeitwa. Nani kaviita? Nikasogea nione. Nikapumua. Pfuu! Likabaki ua lililolowa. Raili akafungua dirisha kunitangazia kwamba hilo ni la tano tangu kahawa ya asubuhi.

Nikabana pumzi. Nikaona nyota. Nikakumbuka lile bomba la kupumulia tunapoogelea ziwani. Kweli, pumzi ikaenda nyuma, sakitu ikabaki salama! Ila bomba likaganda kwenye masharubu. Raili alilibandua kwa maji ya uvuguvugu, taratibu, huku akimsimulia dada yake kwenye simu.

Alhamisi, 11 Januari

Nimegundua! Nilipanda ngazi, nikajifanya nakwangua theluji kwenye paa la banda, kumbe macho yako uani kwa Taimi. Maua yake makavu yako nyuma ya sauna, kile kibanda chake cha kuogea mvuke, chini ya kitundu cha kutolea hewa. Hayo tu ndiyo yenye manyoya. Yaliyo kando ya uzio yana chumvi kama yangu. Kwa hiyo ni mvuke! Kila Jumamosi akiwasha sauna unatoka kidogo kidogo, unatua kwenye maua, unaganda. Jambo jepesi, na miaka mitatu sikuliona! Kwa furaha nilisahau kwamba niko juu ya ngazi. Theluji ni laini, namshukuru Mungu.

Tatizo: nyuma ya sauna yangu hakuna hata jani. Mwezi wa nane nilifyeka kila kitu ili pawe nadhifu. Raili akanikumbusha kwamba alinikataza. Nikamkumbusha kwamba sikumuuliza.

Jumamosi, 13 Januari

Nimechomeka kwenye theluji maua kumi na mawili niliyoyatoa mtaroni. Nikawasha sauna tangu adhuhuri. Nikayamwagia maji mawe ya moto juu ya jiko, nikayamwagia tena, mpaka Raili akakimbia akiwa mwekundu kama nyanya. Nje, patupu. Hata uzi mmoja wa mvuke haukutoka! Na ni mimi niliyeziba kila upenyo wa sauna ile msimu uliopita, nikatamba kijiji kizima kwamba hata pumzi ya nzi haipiti.

Nikafungua mlango wote. Wingu likatoka kwa mkupuo! Maua yakalowa, yakainama, yakaganda mabonge. Mabonge kumi na mawili. Raili alisema yanafanana na viazi vilivyosahaulika kwenye friza.

Jumapili, 14 Januari

Msituni mtu anatembea apendavyo, lakini uani kwa mtu huingii bila mwaliko. Sawa. Ila mgeni wa sauna ana haki zote! Akishapata joto anatoka nje kujipoza, anakaa anapotaka, na hakuna mtu nchi hii atakayemuuliza mtu anayefuka mvuke anatafuta nini nje.

Nikaenda kwa Taimi na uso wa msiba, nikamwambia jiko la sauna yetu limepasuka. Maskini, akashika mashavu. Akasema niende Jumatano saa nane mchana, atawasha kwa ajili yangu, maana mtu hawezi kuishi hivyo. Roho ikanisuta. Ilinisuta mpaka getini.

Jumatano, 17 Januari

Mambo yamekwenda mrama.

Kamera niliificha ndani ya mkoba wa taulo, kwenye chumba cha kuvulia nguo, penye joto. Nilipotoka kwenye mvuke mara ya pili nikajifunga taulo, nikaichukua, nikazunguka nyuma. Hapo nikasimama. Ua refu kuliko yote, manyoya ambayo sijapata kuyaona, na mbingu ya waridi nyuma yake, maana Januari jua letu huzama mapema. Nikajilaza ubavu kwenye theluji, mwili bado moto. Nikalenga. Nyeupe! Lenzi imejaa ukungu. Ukiitoa kamera kwenye joto lenye unyevu ukaiingiza kwenye baridi kama hii, inashika ukungu; mtoto yeyote wa hapa anajua. Nikaifuta kwa taulo bichi, ukungu ukawa barafu. Nikakwangua kwa ukucha, nikaegemea kidogo. Ko! Shina likakatika.

Nikainua macho. Taimi yuko dirishani jikoni, ameshika birika.

Niliona aibu, aibu ya kweli. Ua lile amelilinda tangu kiangazi. Akaja na blanketi, hakufoka, akauliza kwanza kama vidole vya miguu navihisi. Kisha, kwa kahawa na mkate mtamu wa iliki, akanipa yote: skafu mdomoni, kamera ikae nje nusu saa kwanza, mlango wa sauna uachwe wazi upana wa kidole.

“Si ungeniuliza tu, Urpo,” akasema. “Miaka mitatu nakuona unatambaa huko kwako. Nikadhani ni mgongo.”

Akasema ua la pili kwa urefu ni langu, nije nilipige picha. Hapo tukaona, sote wawili, moshi ukitoka kwenye bomba la sauna yetu. Raili kawasha! Taimi akautazama moshi. Nikautazama. Akaniongezea kahawa.

Ijumaa, 19 Januari

Nimepiga! Skafu mdomoni, kamera baridi kama jiwe. Nimeyaona manyoya mpaka ncha zake. Kiti kile sasa ni changu pamoja na ukuta wake.

Jumapili, 21 Januari

Wa pili.

Wa kwanza, Taimi. Picha yake: lile ua lililokatika, limelala ndani ya kishimo kwenye theluji, na kishimo chote kimeota manyoya kuzunguka ukingo. Watu wakanong'ona kishimo ni cha mnyama gani. Mkutubi akasema bila shaka kulungu alilala hapo. Raili alicheka mpaka akatolewa nje.

Ni ubavu wangu! Na paja. Mwaka mzima nitasoma gazeti chini ya paja langu mwenyewe.

Lakini manyoya yale yaliotaje ndani ya kishimo? Ni joto la mwili wangu? Ni jasho? Nimeshindwa hata kula keki. Taimi akaninong'oneza kwamba ni jambo dogo, kahawa ipo, niende kesho nikamuulize.

Nimuulize! Halafu ajue kwamba sijui?

Nimeazima darubini ya shemeji, ile ya kutazamia ndege. Kesho asubuhi nakwangua paa la banda. Raili anasema halina theluji.