Ringi Pana, Nyepesi, za Bei Poa

Jumanne, 3 Juni 2025

Karatu. Baridi ya kukata masikio. Ukungu haukuondoka mpaka saa nne.

Dada Naishorua, meneja wa kambi, ametuita wote tunaoongoza wageni kwa baiskeli. Msimu huu anachukua mmoja tu. Mmoja! Njia mpya inashuka bondeni Baray mpaka kwenye mchanga wa Ziwa Eyasi, halafu inapanda kurudi. Kila mtu na baiskeli yake. Anataka ringi pana, tairi lisizame mchangani. Na ziwe nyepesi, mtu asije akamfia mlimani mbele ya wageni. Jumatatu anatujaribu, yeye nyuma na gari.

Nimemweleza mke wangu Leonida. Ameendelea kuchagua maharage ya makande, kisha kasema vizuri, maana nikikosa kazi hii naenda Baray kwa kaka yake Piusi kulima vitunguu, na nitalala huko huko shambani mpaka vivunwe. Hatanii. Piusi ameshapigiwa simu. Blanketi langu limeshafuliwa!

Kwa hiyo ni ringi au vitunguu. Binti yetu Angelina kauliza nikienda nani atamsaidia hesabu. Nimemwambia baba haendi popote. Nikafuta macho, nikasingizia moshi.

Jumatano, 4 Juni

Hilary anazo! Hilary, mtoto wa juzi tu, niliyemfundisha mwenyewe kuziba pancha! Mgeni wake Mholanzi alipoondoka kamwachia ringi za kaboni. Pana, nyepesi. Anainua gurudumu kwa kidole kimoja mbele ya watu, makusudi kabisa. Nimemwambia zimempendeza. Roho inaniuma mpaka sasa.

Mgeni wangu wa mwaka jana aliniachia mafuta ya kujipaka juani. Nusu chupa.

Nimepita kwa fundi Leonce. Kasema ringi pana za aluminiamu zinapatikana Arusha. Akataja bei. Nikaomba kukaa.

Ijumaa, 6 Juni

Mungu hamtupi mja wake! Inosenti, mnunuzi wa mazao pale sokoni, anazo ringi mbili nyeusi, pana ajabu, za baiskeli ya matairi manene iliyopata ajali. Hataki pesa. Anataka maharage. Mimi sina maharage. Leonida anayo, gunia zima chini ya kitanda, ya mbegu. Nimengoja aende kwaya, nikalibeba.

Sasa, mizani ya Inosenti Karatu nzima inaijua. Inakula kilo. Akina mama wameilaani mpaka wamechoka. Leo nimeona kwa macho yangu. Gunia lililonipindisha shingo toka nyumbani, mshale ukasogea kidogo ukasimama! Nimefoka. Nimemwita mwizi, mnyonyaji, mbele ya wateja wake. Kasema pole sana, niongeze debe. Nimerudi nyumbani nikaongeza debe, lile la maharage ya makande.

Kisha akaziweka ringi juu ya mizani ile ile. Mshale haukutikisika. Nyepesi kuliko za Hilary, naapa! Nimemshika Inosenti mikono yote miwili nikamwomba radhi kwa maneno yangu. Ni mtu mwema, watu hawajamwelewa tu.

Jumamosi, 7 Juni

Leonce amefunga spoki huku ananuna. Kasema ringi hizi ni chuma kitupu. Nimemwambia mizani imeshasema. Kauliza mizani ya nani. Nimemwambia afunge spoki.

Tatizo dogo. Breki zangu ni za kubana ringi, na upana huu hauingii. Leonce kauliza tufanyeje. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi: breki nazo si ni uzito? Toa! Toa zote mbili! Leonce kasema yeye hayumo. Sawa, asiwemo.

Nyumbani Leonida amechungulia chini ya kitanda. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Kauliza nani alipima. Jamani, Karatu nzima ina swali moja! Kasema mizani ile imenipiga mara mbili, kwenye maharage na kwenye ringi. Nimemfafanulia taratibu kwamba hapana, kwenye maharage ilikosea, kwenye ringi ilikuwa sahihi. Ametoka nje akakaa peke yake kwenye ngazi na baridi ile. Nilimpelekea shuka. Hakulipokea.

Jumatatu, 9 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bandeji.

Tulianza kushuka. Nilikuwa wa kwanza! Hilary nimempita, gari la dada Naishorua nimelipita, na pikipiki iliyobeba kreti za soda nimeipita. Nilisikia honi nyuma, nikadhani wananishangilia. Kwenye kona ya kwanza nikaanza kukanyaga ardhi kwa viatu. Soli zikaisha. Mbuzi wa watu wakatawanyika, mwenye mbuzi akanitukana kwa Kiiraqw, matusi ambayo nilikuwa sijayasikia tangu bibi afariki. Nimevunja ua wa minyaa na kusimama katikati ya kitalu cha vitunguu. Cha nani? Cha shemeji Piusi. Kauliza mbona nimewahi, yeye alikuwa ananitegemea katikati ya wiki hii.

Nikanyanyuka. Sikukata tamaa. Mchangani baiskeli ilikaa kama imepandwa. Kupanda nikasukuma. Hilary alinipita anaimba, kisha akarudi kuuliza kama anisaidie kusukuma. Nimemjibu napunga upepo.

Dada Naishorua akashuka garini. Akajaribu kuinua gurudumu langu la mbele, akalirudisha chini polepole. Kauliza kama nimelitoa kwenye geti la chuma. Halafu akauliza breki ziko wapi. Nikamweleza habari ya uzito. Alinitazama kwa huruma, na ningependa zaidi angenigombeza. Kazi amepewa Hilary.

Jumanne, 10 Juni

Angelina amenibebea blanketi mpaka stendi. Hakuuliza tena habari ya hesabu. Leonida hakuja. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuomba mbegu, kikombe hapa, kikombe pale. Nilimwona kupitia dirisha la gari, ameshika ndoo, ukungu mpaka magotini. Nimeumia. Nimeumia kweli.

Nikikaa chini nikafikiria, kosa ni la Hilary.

Jumamosi, 21 Juni

Baray. Mgongo umekufa. Nanuka vitunguu mpaka kwenye kope. Piusi halalamiki wala haongei, analima tu, na mimi nyuma yake.

Jana Leonida alipiga simu. Mara ya kwanza tangu niondoke! Sauti yake ilikuwa laini. Kesho Angelina anapokea komunyo ya kwanza. Gauni limeshashonwa. Mtoto kasema asipomwona baba yake kanisani, basi naye hatoki kwenda mbele kupokea. Leonida kasema ya maharage yameisha, ameshasamehe, nije tu, tuzungumze, huenda nisirudi tena Baray. Akanitumia nauli aliyokopa kwa wanakwaya. Nimelia, siwezi kudanganya. Nimelia mbele ya Piusi.

Leo nimeoga, nimevaa shati la maana, nimewahi barabarani. Gari moja tu la Karatu mchana huu. Na pale kituoni, kumbe! Kijana anaitwa Tajewo, na ringi mbili begani. Aluminiamu. Pana! Nimeinua moja kwa kidole. Kidole kimoja! Safari hii nimepima mwenyewe, sijamwamini mtu. Anataka kiasi kile kile cha nauli yangu. Si ishara hiyo?

Gari liliondoka tukiwa tunazifunga kamba.

Sina wasiwasi. Nitatembea. Misa ni asubuhi, na barabara ni kupanda, lakini mzigo ni mwepesi mno. Naandika haya nimekaa juu ya jiwe, bado kwenye mashamba ya vitunguu, nyayo zinawaka, jua linazama. Nikifika nazo Hilary atakoma. Dada Naishorua ataniita mwenyewe.

Leonida amepiga sasa hivi. Kauliza nimefika wapi na gari. Nimemwambia gari limeniacha, ila asijali, nauli haikupotea bure, nimepata ringi. Nikamsikia Angelina kwa nyuma anauliza baba anafika saa ngapi. Halafu simu ikakatika.

Mtandao wa huku haufai kabisa.