Ng'ombe wa Bahi Dhidi ya Japani

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Leo nimeibiwa. Nimeibiwa na Japani nzima!

Nilipita kwenye ukumbi wa TV gemu wa Sila, kuangalia tu, si kwa wivu. Watoto arobaini wamekaa sakafuni wakingoja zamu. Nusu yao walikuwa wateja wangu. Kwenye kioo, mtu mwenye fimbo anavusha ng'ombe kwenye matope. Ng'ombe akizama, unaanza upya. Huo ni Ng'ombe wa Bahi! Mchezo wangu! Nimeubuni kwa kichwa changu mwaka 1986: ubao wa mraba, vizibo vya soda ndio ng'ombe. Methusela, fundi seremala, alinichongea mbao kumi na mbili, na ndizo zilizojaza kibanda changu hapa Ipagala mpaka Sila alipoleta TV.

Japani wameupataje? Nimekumbuka. Mwaka 1989 kulikuwa na Mjapani mtaalamu wa zabibu kule Makutupora. Alicheza mara mbili, akafungwa mara mbili, akacheka, akaandika kitu kwenye daftari. Kumbe!

Sitaki fedha. Nataka gemu ikiwashwa, jina langu liandikwe pale juu: Mtunzi, Harithi. Basi.

Mke wangu Mwanaharusi amesema kibanda hakijaona mteja tangu Idi, na yeye anakitaka apikie chapati. Tumekubaliana: nikishinda kesi, kibanda kinabaki cha michezo milele. Nikishindwa, chake. Nimekubali haraka. Maskini, hajui sheria.

Jumanne, 5 Agosti

Hizi ni zama za soko huria. Mtu hashtaki tena, kampuni ndiyo inashtaki. Nimechongesha muhuri: HARITHI BURUDANI ENTERPRISES. Mzuri mno. Nimeupiga hata kwenye kanga ya Mwanaharusi, kwa bahati mbaya. Amenikasirikia.

Nimemshawishi Methusela naye awe kampuni. Alikataa, ana kitanda cha watu cha kumaliza. Nikamwuliza, ile fimbo ya mchungaji kwenye kioo ni ya kuchonga au si ya kuchonga? Na mchongaji hapa mtaani ni nani? Akafikiri sana. Sasa ni METHUSELA MBAO LIMITED. Kampuni mbili ndogo dhidi ya moja kubwa!

Karani wa baraza la kata amesema wito haufiki Japani, baiskeli ya mjumbe inaishia Bahi. Sawa. Tunamshtaki anayewasha mashine. Sila.

Jumatano, 6 Agosti

Amekiri! Amekiri!

Nilikwenda na Methusela awe shahidi, daftari kwapani. Sila ni Mgogo wa Bahi. Mimi babu yangu ni Mnyamwezi aliyekuja na misafara. Kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani hana breki mdomoni. Huo ndio ulikuwa mtego wangu. Nikamwuliza wazi, mmeiba au hamkuiba?

Akajibu mbele ya watoto wote kwamba ndiyo, wameiba, yeye na Wajapani wake, na ng'ombe wenyewe wameshawala, ngozi imepelekwa Tokyo. Akaongeza kwamba babu yangu alipopita Ugogo na pembe za ndovu kichwani alikunywa maji ya kisima cha babu yake, hongo, ule ushuru wa wapita njia, hakumaliza kulipa, na gemu hii ndiyo salio. Watoto walicheka hadi wakalala chali. Nimeandika neno kwa neno. Nimepiga muhuri.

Njiani Methusela akauliza kama nina hakika ule haukuwa utani. Nikamwambia utani haupigwi muhuri.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wote wameenda maonyesho Nzuguni. Mimi nimebaki kufanya mazoezi ya hotuba mbele ya kuku. Wamenisikiliza vizuri, isipokuwa jogoo.

Mwanaharusi ameingia kibandani na karai, anapima mahali pa kuweka jiko. Huyu mwanamke hana imani na mahakama za nchi yake.

Jumatatu, 11 Agosti

Uhalifu mwingine! Sila kapita, kanivua kofia yangu ya kushona kwa mkono, kaivaa, kaenda zake. Nikapiga kelele za mwizi. Mzee Bartolomayo, mwenyekiti wa baraza, alikuwa anapita. Akacheka, akasema mtani hukuchukulia, hakuibii.

Nimeandika maneno hayo. Huenda yakafaa.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku ya haki. Nimeshinda. Naandika taratibu.

Baraza lilijaa mpaka madirishani. Nikamwamkia Mzee Bartolomayo shikamoo, nikaongeza salamu ya Kigogo, mbukwenyi, kwani mlango wa sheria ni heshima. Sila alikaa mbele amevaa kofia yangu. Nikasoma ungamo lake. Nilipofika kwenye hongo ya maji, Mzee Bartolomayo alilazimika kuvua miwani na kufuta machozi. Nikadhani imemgusa. Akasema maneno ya mtani hayashtakiki, hata yakipigwa mihuri kumi.

Sawa. Nikatoa Mjapani wa zabibu. Nikatoa ubao. Hapo ndipo Sila alipomleta shahidi, bibi yake, Bibi Anna, kutoka Bahi. Mzee sana, anatembea kwa mkongojo, sauti ya filimbi. Akautazama ubao wangu, akasema huu wameucheza matopeni tangu yeye ni msichana, na ng'ombe wao yalikuwa mavi ya mbuzi. Akaendelea. Anakumbuka mtoto mmoja wa mjini aliyekuja na mjomba wake kununua mpunga, akacheza kutwa nzima, akafungwa kila mara, akalia. Jina lake Harithi.

Nilikuwa na miaka minane. Mpunga naukumbuka. Kulia sikumbuki.

Nikaona aibu, sitaficha. Sikio lilikuwa la moto. Miaka yote nimesema kichwa changu, kumbe ni matope ya Bibi Anna. Mzee Bartolomayo akaniuliza polepole, sasa mwizi ni nani?

Nikafungua daftari. Nikasoma kwa sauti: mtani hukuchukulia, hakuibii! Bibi Anna ni Mgogo, mimi Mnyamwezi. Sikuiba, nilichukulia!

Makofi! Mayowe! Bibi Anna mwenyewe alipiga mkongojo sakafuni. Hukumu: Harithi hana hatia. Sila hana hatia. Wajapani hawakufika, hawakujadiliwa. Methusela Mbao Limited akamalize kitanda cha watu. Na ili utani usiharibike, mimi nimpe Bibi Anna kreti ya soda, Sila aniandikie jina kwenye kioo.

Katika kata yetu hakuna mlalamikaji mwingine aliyewahi kuachiwa huru mbele ya umati.

Nimemweleza Mwanaharusi. Akauliza kama kesi nimeshinda. Nikasema sikukutwa na hatia. Akabeba jiko akaingia nalo kibandani.

Jumamosi, 16 Agosti

Limeandikwa! Karatasi nyeupe, imebandikwa kwa gundi juu ya kioo cha TV: MTUNZI: HARITHI. Chini yake kwa herufi ndogo: alifundishwa na Bibi Anna, akalia. Hayo madogo hayasomeki ukisimama mlangoni. Nimesimama mlangoni saa tatu nzima. Nimefurahi mpaka nimeona haya.

Kofia sijarudishiwa.

Jumatatu, 18 Agosti

Chapati zinakwenda. Watoto wakitoka kwa Sila wanapanga foleni kwetu, wanakula juu ya mbao zangu kumi na mbili. Mimi nimepewa idara ya kukanda.

Mchana nikapeleka chapati kwa Sila. Ana kaseti mpya ya gemu. Nikaganda na sinia mkononi. Kwenye kioo, mama mnene mwenye kanga kiunoni anarusha vitu vya duara, bapa, vinageuka hewani, vinatua kwenye kikaango. Mkono uleule! Kiuno kilekile! Mwanaharusi ameibiwa!

Nimekimbia kumwambia. Amesema nirudi kwenye unga, na yeye hataki kuwa kampuni. Si kitu. Muhuri nimeshaagiza: MWANAHARUSI CHAPATI ENTERPRISES. Methusela anasema anaumwa.

Safari hii sirudii kosa. Kosa langu lilikuwa kumshtaki mtani. Sila simgusi. Nakwenda moja kwa moja kwa Wajapani, kwa posta, barua ya rejista. Na sikukurupuka, nimepita kwanza kwa Mzee Bartolomayo kuuliza. Ameshika kichwa kwa mikono miwili, lakini amethibitisha: Wajapani hatuna utani nao.